Msitufutie bemoli zetu

Ndugu zangu, leo sibembelezi mtu. Dada mmoja wa kwaya yetu hapa Rumonge alileta wimbo wake wa kuvuka ziwa usiku. Uko kwenye do. Maneno yakifika kwenye mtumbwi, sauti ya pili inashika sol na ya kwanza inaingia na la bemoli, pembeni kabisa. Inauma sikio, na ndivyo alivyotaka. Mgeni mmoja wa shirika akasikia, akasema hizo noti ni makosa, watu wenu wanahitaji kitu rahisi, cha furaha. Mwalimu wetu akachukua kalamu, akafuta!

Basi wamfute na Mozart. Mwaka 1785 alimaliza kwateti yake K. 465: violini mbili, viola na selo. Nayo iko kwenye do, lakini sikiliza mwanzo wake. Selo inarudiarudia do taratibu, viola inaingia na la bemoli, violini ya pili mi bemoli, halafu violini ya kwanza inakuja juu na la isiyo na bemoli, kama mtu anayembishia mwenzake. Giza tupu. Mwanga unakuja baadaye, na unaingia moyoni juu ya lile giza. Kwateti hiyo ni moja ya 6 alizomtolea Haydn, mzee ambaye mwaka 1781, kwenye Opus 33 namba 2, aliandika mwisho unaonyamaza, unaanza tena, unanyamaza, mpaka hujui upige makofi saa ngapi.

Na Mozart walimfuta kweli. Sarti, mtunzi wa Italia, alimshambulia kwa maandishi. Baadaye Fétis, aliyekuja kuwa mkuu wa chuo cha muziki cha Brussels, akakaa kumrekebishia noti. Brussels hiyohiyo iliyokuja kututawala! Leo nani anapiga masahihisho ya Fétis?

Sawa, kukosa sauti kupo, hata mimi nakosa. Lakini dada ameandika ile la bemoli mara tatu, kwenye neno lilelile. Hilo ni kosa gani?

Na nyinyi mnaosema eti hiyo ni muziki ya wazungu: mzee wa indingiti, uzi mmoja na upinde, anateleza katikati ya noti za kinanda kila siku. Mbona yeye hamumfuti?

Jumamosi tuna mazoezi. Bemoli tumezirudisha, kwa bic nyekundu. Mgeni naye aje, akae, asikilize mpaka mwisho.