Mtaji Mdogo na Sarafu za Mtandaoni



Dada yetu mmoja wa Ndalu, huko baina ya Kitale na Bungoma, ametuuliza swali. Mumewe ameuza mahindi, na sasa ataka kuchukua shilingi 10,000 za mbolea ya kupandia azizungushe katika sarafu za mtandaoni, kisha azirejeshe kabla ya mvua za masika. Je, iko njia ya salama?

Tuanze na hukumu. Wanavyuoni wamekhitalifiana. Mwaka 2018 Dar al-Ifta ya Misri iliiharamisha biashara ya bitcoin. Mwaka 2020 baraza la sharia la mamlaka ya masoko ya mitaji ya Malaysia likairuhusu biashara ya sarafu hizi kwa masharti. Mwenye shaka na aiache. Anayefuata kauli ya ruhusa naye ajue kwamba kuruhusiwa biashara si kuruhusiwa kamari, iliyokatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90. Mfanyabiashara hujiwekea mipaka kabla ya kununua. Mcheza kamari hungoja bahati imwekee.

Mpaka wa kwanza ni asili ya fedha. Novemba 2021 bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Bei hiyo ilirudi juu mwaka 2024, lakini shamba halingojei miaka miwili. Fedha yenye siku yake ya kutumika, iwe ya mbolea, karo au deni, si mtaji wa biashara hii.

Mpaka wa pili ni kiasi cha hasara. Tuseme mtu ana shilingi 10,000 za ziada, na katika kila biashara amekubali kupoteza asilimia 2 tu ya alichonacho. Akishindwa mara kumi mfululizo, atabakiwa na takriban shilingi 8,170. Jirani yake anayehatarisha asilimia 20 atabakiwa na takriban 1,070, na ili arudi alipoanzia itambidi azidishe fedha hizo zaidi ya mara tisa. Hesabu yenyewe ni nyepesi: asilimia 2 ya 10,000 ni 200. Akiazimia kuuza bei ikishuka asilimia 5, basi asinunue zaidi ya shilingi 4,000. Na bei ikifika hapo, auze bila kujadiliana na nafsi yake.

Mpaka wa tatu ni mkopo. Yako majukwaa yanayomkopesha mteja ili shilingi 1,000 zake zifanye kazi ya 10,000. Bei ikishuka asilimia 10, fedha zake zote zimekwenda. Na mara nyingi mkopo wenyewe una riba. Mlango huo usiguswe.

Mpaka wa nne ni daftari, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Aandike bei aliyonunulia, aliyouzia, sababu yake na ada aliyokatwa, maana ada hula mtaji mdogo upesi. Akipata hasara, asiifukuze siku hiyo hiyo. Na daftari hilo mkewe alione: hasara inayofichwa nyumbani huvunja zaidi ya mfuko.

Basi jibu letu, dada, ni hili: mbolea inunuliwe kwanza, yote. Kikibaki kitu ambacho kupotea kwake hakutamnyima mtoto chakula wala karo, keti na mumeo mshauriane, mipaka hii iandikwe kabla ya shilingi moja kutoka. Asipokubali kuiandika, amekwishajibu mwenyewe kama ni biashara au ni kamari.

Mwenyezi Mungu aturuzuku ya halali na atutilie baraka katika kichache tulichonacho. Wabillahi tawfiq.