Mashine ikate, umbo tuchore wenyewe

Pakiti ya herufi za sponji inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule ina kasoro ambayo mwalimu wa darasa la awali huiona siku ya kwanza tu. Akitaka kubandika ukutani maneno KARIBU DARASANI, anahitaji A nne, R mbili na I mbili. Pakiti yenye herufi 26, moja ya kila aina, inampa A moja, kisha inambakizia Q na X ambazo Kiswahili hakina kazi nazo. Anunue pakiti nne kwa bango moja, au achukue boksi la sabuni, penseli na wembe, akate mwenyewe usiku watoto wake wakishalala.

Wengi hukata wenyewe. Ukiingia darasa la awali la shule ya serikali utakuta mifuko ya sandarusi iliyochorwa kwa rangi, saa za boksi zenye mishale ya waya, vizibo vya soda vya kuhesabia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, na mpango wa elimu bila ada ulioanza mwaka 2016 ulijaza madarasa. Watoto waliongezeka, mikono inayokata herufi ilibaki ile ile ya mwalimu mmoja.

Hapo ndipo inapokuja habari ya mashine za kukatia maumbo, na hapo ndipo ubishi unapoanzia. Wapo wanaoshikilia kwamba umbo lililokatwa na mashine si kazi ya mikono tena, na kwamba mtu anayebandika vipande vilivyokwisha kukatwa hajatengeneza kitu. Hofu yao ina msingi, ila wameielekeza kwa kisu kisicho na hatia. Jambo la kuulizwa ni nani aliyechora umbo ambalo kisu kinalifuata.

Kisu chenyewe si cha ajabu. Ni utepe wa chuma wenye makali upande mmoja, unaokunjwa kufuata mchoro na kukazwa ndani ya ubao wa plaiwudi uliochongwa mfereji mwembamba. Kikatio cha biskuti kilichopata elimu ya ufundi. Kwenye viwanda vya uchapaji utepe huo huwa na kimo cha milimita 23.8, na kandokando yake hubandikwa vipande vya sponji au raba. Mgeni hudhani vipande hivyo ni mapambo. Kumbe ndivyo vinavyoisukuma karatasi itoke baada ya kukatwa, la sivyo ingenasa kwenye makali na fundi angeshinda anaikwangua kwa ukucha. Fundi mzuri hufanya na jingine ambalo jicho haliwahi kuliona: huacha vipengo vidogo kwenye makali, ili umbo libaki limeshikiliwa na karatasi yake kwa nyuzi mbili tatu hadi litakapofika mezani. Ukiwahi kupokea boksi la keki na kuona vinundu vidogo ukingoni, ni hapo liliposhikiliwa.

Hata asili ya boksi hilo ni kisa cha kisu kilichokosea. Mwaka 1879, huko Brooklyn nchini Marekani, mfanyabiashara wa mifuko ya karatasi aitwaye Robert Gair, mzaliwa wa Scotland, alikuwa na mashine ya kuchapa mifuko ya mbegu. Utepe wa chuma uliotakiwa kuweka alama ya mkunjo ulikuwa umepanda kidogo, ukaikata mifuko badala ya kuikunja. Hasara ile ikampa wazo kwamba mashine moja inaweza kukata na kuweka mikunjo kwa mpigo mmoja. Kuanzia hapo boksi la karatasi likaacha kuwa kitu cha kukatwa na kukunjwa kimoja kimoja.

Shule zilichelewa kufikiwa na ufundi huo. Kampuni ya Ellison ya California, iliyoanza mwaka 1977, ilijijengea jina kwa mashine ya mkono ya kukatia herufi iliyolenga walimu: unaweka kisu, juu yake karatasi, unavuta mpini, herufi inatoka. Mashine ilikaa katika chumba cha vifaa cha shule au cha wilaya, na walimu wakaenda kukata kwa zamu. Haikutaka umeme wala kompyuta. Kwa shule zetu huo ndio ujumbe wenye thamani kuliko mashine zote za kisasa zinazotangazwa mitandaoni, kwa sababu kisu kimoja cha A hutoa A kadiri mwalimu anavyotaka.

Mashine za kisasa zina mtego wake. Cricut, kampuni ya Utah inayouza mashine za mezani zinazokata kwa kuongozwa na kompyuta, ilitangaza Machi 2021 kwamba mteja asiyelipia ada ya kila mwezi angeruhusiwa kupakia michoro yake mwenyewe isiyozidi 20 kwa mwezi. Wateja waliokwisha nunua mashine hizo kwa mamia ya dola walikuja juu, na kampuni ikaufuta mpango huo ndani ya siku chache. Hata hivyo somo lilibaki. Mtu anaweza kuwa na mashine nyumbani kwake, karatasi yake, umeme wake, na bado akaambiwa michoro mingapi ya kwake ataruhusiwa kukata.

Kwetu mtego huo umefika kwa njia ya upole zaidi, njia ya pakiti. Maumbo ya sponji na felti yanayofika dukani yamekwisha kukatwa: vipande vya theluji, kulungu wenye pembe za matawi, tufaha, treni za moshi. Hakuna aliyekatazwa kuchora ngalawa. Ila mtoto wa Kilwa anabandika theluji kwenye kadi ya mama yake kwa sababu theluji ndiyo iliyokuwemo. Kadi za harusi zilizotobolewa kwa leza nazo ni hivyo hivyo: nyingi zina maua na vipepeo vya kiwandani, ilhali milango ya Zanzibar na Lamu imejaa nakshi ambazo zingependeza kutobolewa kwenye karatasi. Mchoraji akizibuni upya kwa mkono wake, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inaulinda mchoro wake kama inavyoulinda wimbo.

Uwezo wa kukata tunao, ila tumeufungia kwenye kazi nyingine. Mchapaji anayetengeneza maboksi ya keki na ya dawa ana mashine ya kubana na ana mtu anayemkunjia visu. Karakana ndogo ya viatu hukata soli kwa kuweka kisu cha chuma juu ya ngozi na kukipiga nyundo nzito. Fundi gereji hukata gasketi kwa kuilaza karatasi juu ya injini na kuigonga polepole pembezoni hadi chuma chenyewe kiikate, naye hajawahi kudai kwamba anafanya sanaa. Kati ya watu hao watatu na mwalimu aliye na wembe usiku hakuna daraja, na kulijenga hakuhitaji mfadhili kutoka nje.

Malighafi nazo zina tabia zake, na anayezijua hupunguza hasara. Karatasi ya manila ina uelekeo wa nyuzi; ukiikunja kufuata nyuzi inatulia, ukiikunja kinyume inapasuka mgongoni. Felti haikufumwa. Ya asili ni sufu iliyoloweshwa, ikapashwa joto na kubanwa hadi nyuzi zikashikana zenyewe. Ya bei nafuu iliyojaa madukani ni poliesta iliyochomwachomwa kwa sindano za kiwandani. Kwa kuwa haina uzi wa mlalo wala wa wima, ukingo wake hauchanuki, na mtoto anaweza kuishona bila upindo. Walimu wa shule za Jumapili wanaijua kwa sababu nyingine: ubao ukivikwa flaneli, Nuhu na wanyama wake wa felti hushika bila gundi, huondolewa na kurudishwa wiki baada ya wiki. Ni ajabu kwamba ubao huo haujahamia kwenye somo la hesabu la Jumatatu katika madarasa mengi zaidi.

Sponji ndiyo yenye ukaidi. Ile nyembamba na ngumu, ya jamii ya ndala, inakatika vizuri. Ikiwa nene, mashine huibana kabla makali hayajapita, kisha ikiachiwa inajivuta na ubavu wake unabaki umebonyea katikati. Wapo wanaokwepa tatizo hilo kwa leza au waya wa moto, na hapa pana onyo la kweli: raba zenye PVC zikikatwa kwa leza hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayoumiza mapafu na kula chuma cha mashine yenyewe. Ndala kuukuu haina lebo ya kukuambia kama ina PVC. Kisu cha kubana hakichomi kitu, na kwa chumba kilichojaa watoto sababu hiyo peke yake inatosha kukichagua.

Kwamba ndala kuukuu zinaweza kuwa kazi ya heshima, pwani ya Kenya ilikwisha kutuonyesha. Mwaka 1997, Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, mhifadhi wa bahari Julie Church aliona watoto wakitengeneza vitu vya kuchezea kwa ndala zilizotupwa ufukweni na maji. Kutokana na hilo ikazaliwa kazi inayojulikana leo kama Ocean Sole: ndala huokotwa, huoshwa, hugundishwa tabaka kwa tabaka kuwa tofali la rangi nyingi, kisha wachongaji, wengine wao waliozoea mbao, hutoa kwa kisu twiga, kifaru na kasa. Wanunuzi wa ng'ambo hupenda zile rangi zilizopangana kwa bahati. La kuangalia zaidi ni kwamba wazo lilitoka kwa watoto, na wanyama wanaotoka kwenye tofali ni wale ambao mchongaji anawajua.

Yupo atakayeuliza: kama mashine itakata, mtoto atajifunza lini kushika mkasi? Swali ni la haki na jibu lake halina mzunguko. Mtoto akate. Mkasi humfunza kugawa kazi kati ya mikono miwili, mmoja ukigeuza karatasi na mwingine ukifungua na kufunga, na hakuna pakiti inayoweza kumfanyia hilo. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo Blankenburg mwaka 1837, aliweka kukunja na kukata karatasi miongoni mwa shughuli za kila siku za watoto. Mashine ni ya mwalimu, kwa ajili ya herufi mia mbili anazozihitaji kabla ya Jumatatu. Ikimwondolea usiku wa wembe, atakuwa na nguvu ya kukaa na mtoto anayekata duara lake la kwanza likatoka kama kiazi.

Kwa hiyo pendekezo ni dogo. Vituo vya walimu vipo Tanzania, na Kenya ina vyake. Kimoja kwa kila wilaya kipewe mashine ya mkono na visu vya herufi 24, yaani zote isipokuwa Q na X, C ikibaki kwa ajili ya CH. Karatasi zitoke kwa wachapaji, ambao hukata pembezoni mwa manila kila siku na kuzitupa au kuziuza kwa kilo. Visu vya maumbo vije baadaye, navyo vitokane na michoro ya wilaya husika: jodari Mafia, korosho Mtwara, kahawa Moshi, daladala na bajaji Dar es Salaam.

Wanafunzi washindanishwe kuchora, na mshindi aone umbo lake likikatwa mbele ya macho yake. Baadhi ya michoro itakwama kwa mkunja visu. Utepe wa chuma haukubali pembe nyembamba kupita kiasi, kwa hiyo paka mwenye masharubu sita atarudishwa kwa aliyemchora, na wawili hao watalazimika kukaa benchi moja kukubaliana masharubu yakatwe kwa karatasi au yaongezwe baadaye kwa kalamu.