Kila "Vumilia Kidogo" Inakula Siku Zetu

Sisi tunaouza kwenye fremu za Mwenge, tunaolinda mageti usiku na tunaobeba zege kwenye maghorofa yanayoota kando ya Barabara ya Sam Nujoma, tumechoka kuambiwa "vumilia kidogo". Mwezi ukiisha, bosi anasema biashara ngumu. Tarehe 5, mzigo bado uko bandarini. Tarehe 20 anatutolea elfu ishirini ya kusukumia siku, na hiyo anaiandika mkopo. Tunakopeshwa jasho letu wenyewe!

Mwenzetu wa duka la nguo ana daftari analificha chini ya kaunta. Kurasa za mbele ameandika siku alizofungua saa mbili asubuhi na kufunga saa tatu usiku. Kurasa za nyuma ni deni la kwa Mangi: unga, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande. Mangi hapokei "vumilia". Mwenye nyumba hapokei. Konda hapokei.

Saa mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku ni saa 13 kwa siku! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki; zikizidi, kila saa inalipwa mara moja na nusu. Mshahara nao ulipwe siku mliyokubaliana.

Wengi tunanyamaza kwa sababu hatuna mkataba wa maandishi. "Utapeleka ushahidi gani?" tunaulizwa. Jamani, kumwandikia mfanyakazi masharti ya kazi yake ni wajibu wa mwajiri. Shauri likifika mbele ya sheria, akishindwa kuitoa karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye.

Linalotuuma zaidi ni hili: madai ya mshahara yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Aliyefukuzwa kazi ana siku 30 tu. Kwa hiyo kila "njoo wiki ijayo" inazila siku hizo. Anayetuomba subira anatumalizia muda wa kudai.

Hatuombi sadaka. Nguo zimeuzwa, zege limemwagwa, geti limelindwa mpaka kumekucha. Mwenzetu amehesabu kwenye daftari lake: leo ni siku ya 41 kati ya hizo 60. Kesho anakwenda CMA, na sisi tunamsindikiza, kila mmoja na daftari lake mkononi.