Staa Kala Bata Kwenye Theluji, Bili Kala Mwenyeji

Klipu yenyewe haifiki nusu dakika. Mrembo mmoja wa filamu za Bongo, yule aliyemwagana na mchumba wake kwa posti mbili tu, yuko milimani nje ya jiji la Seattle, Marekani. Koti jeupe la manyoya, kitovu nje, raba nyeupe, anarusha theluji juu huku akicheka. Chini kaandika: "Jumamosi tulivu na watu wangu." Hadi jioni mashabiki walishagawanyika. Nusu wanamwita mshamba aliyezoea kuona barafu kwenye friji, nusu wanawaambia wenzao waache wivu.

Wote wanabishania nguo, wakati nguo si ishu kabisa. Hata kushangaa theluji si ushamba. Mkenya Philip Boit alikuwa mkimbiaji, akaenda Finland mwaka 1996 kujifunza ski, na mwaka 1998 akashiriki Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano. Alimaliza wa mwisho kwenye kilomita 10, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alibaki mstarini akimsubiri ili amkumbatie. Kuwa mgeni wa theluji siyo aibu hata kidogo. Ila Boit alijiandaa miaka miwili. Staa wetu hakujiandaa hata usiku mmoja.

Ishu ni hao "watu wangu", maana kwenye klipu hawamo. Ni mtoto wa mama yake mdogo, dada anayeishi Kent, kusini mwa Seattle, anayepiga shifti za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, pamoja na wanawe wawili. Watu wa karibu na familia wanasema ujumbe uliingia Alhamisi usiku: "Dada, Jumamosi nipeleke kwenye theluji, tupige picha mbili tatu turudi." Dada akaomba ruhusa kazini, malipo ya usiku wa Ijumaa yakaenda na maji.

Hiyo "picha mbili tatu turudi" ndiyo inayowaponza wenyeji wengi. Ukiangalia ramani, Snoqualmie Pass iko kilomita kama 80 kutoka Seattle kwa barabara ya I-90. Kibongobongo ni kama kuvuka Bagamoyo kidogo ukitokea Dar, yaani chap kwa haraka. Kumbe mwezi Desemba kule jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na linazama kama saa kumi na dakika ishirini jioni. Mchana mzima ni saa nane na nusu. Anayetaka kucheza kwenye theluji na kurudi salama anaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri au kumi na mbili, giza likiwa bado nene, kabla nusu ya jiji haijajaa kwenye barabara hiyo hiyo. Staa alimaliza kupaka vipodozi saa tano.

Halafu kuna mambo ambayo hayaonekani kwenye picha. Eneo la kutelezea watoto pale Hyak, na maegesho mengine ya aina hiyo, gari haliruhusiwi kusimama bila kibali cha jimbo kuanzia Desemba 1 hadi Aprili 30. Kibali kinalipiwa. Alama ya cheni ikiwaka barabarani, gari la kawaida haliruhusiwi kupita bila cheni kwenye matairi, na hata lile linalovuta magurudumu yote manne lazima libebe cheni ndani. Ukikaidi, faini inaweza kufika dola 500. Na wale wanaojifanya wajanja, eti "nitakodi gari langu mwenyewe", wasome mkataba kwanza, kwa sababu makampuni mengi ya kukodisha hayataki ufunge cheni kwenye gari lao.

Cheni kanunua dada. Kibali, dada. Glavu, kofia na suruali zisizopitisha maji za watoto, dada. Za mgeni pia alimletea, za kuazima kwa rafiki yake wa kazini. Mgeni akazikataa kwa sababu zilikuwa za rangi ya chungwa.

Hapa wanaocheka kitovu nje wana hoja kidogo, ila wameikosea. Kinachoumiza kwenye theluji ni maji kuliko baridi. Snoqualmie haiko juu sana, ni kama mita 920 tu kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo siku nyingi theluji yake ni nzito, inachanganyika na mvua. Raba na jinzi zinalowa ndani ya dakika kumi. Hata simu inaanza kuzingua, maana betri haipendi baridi. Ya staa ilizima ikiwa na asilimia zaidi ya 30. Ndipo ikaombwa simu ya dada, na dada akageuka mpiga picha huku mtoto mdogo akilia vidole vinamchoma.

Kisha likaja la ski. Kusema kweli, ski kwa mtu anayeanza ni mchongo mzuri sana. Unakodi viatu na mbao zake, unachukua somo la wanaoanza, unafundishwa kukutanisha ncha za mbele ziwe kama kipande cha pizza ili ujue kusimama, unaanguka mara ishirini, unacheka mpaka mbavu zinauma. Ni siku nzima hiyo, na tiketi ya kununuliwa mtandaoni siku kadhaa kabla. Staa alitaka picha tu akiwa na mbao miguuni. Zikakodiwa, zikavaliwa dakika chache, zikarudishwa. Kadi iliyochanjwa ni ya dada. "Nitakutumia M-Pesa nikifika."

Lililofuata halina utani. Walipoanza kurudi giza lilishaingia, mvua ya barafu inapiga kioo, na dereva ni mama aliyelala saa chache. Mgeni akaona miti imefunikwa nyeupe, akataka gari lisimame pembeni mwa barabara kuu apigwe moja ya mwisho. Magari ya kuondoa theluji yanapita hapo, malori yanapita hapo, na nyuma kuna watoto. Dada akagoma. Inasemekana kuanzia pale hadi Kent hakuna aliyeongea, na ndiyo maana posti haikumtaja mtu.

Dada naye ana lake. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, yeye alifika wiki ya pili bado anatandika. Hofu ya kuambiwa "kaenda Ulaya kawa mchoyo" (huko nyumbani hata Marekani ni Ulaya) inawafanya ndugu wengi wa nje kukubali kila kitu kimya kimya, halafu waje kulalamika kwenye simu na watu wengine. Angesema Alhamisi ile ile kwamba safari ni kiasi fulani, kuondoka ni alfajiri, na asiyevaa suruali ya chungwa anabaki nyumbani, mgeni angeamua mwenyewe.

Safari hii amejifunza. Februari anategemea mgeni mwingine, msanii wa kizazi kipya ambaye tayari ameuliza habari za theluji. Dada amemtumia orodha nzima kwenye WhatsApp: mchango wa kibali na mafuta, tiketi ajinunulie, buti aje nazo, kuondoka saa kumi na moja kamili. Hadi jana jioni ujumbe ulikuwa na tiki mbili za bluu, jibu hakuna.