Mwanariadha Anaangushiwa Jumba Bovu, Mleta Dozi Anakula Bata

Haya wadau, ikidondoka tu habari ya mkimbiaji kunaswa na dawa, dakika tano nyingi, komenti zimejaa. Mwizi! Tapeli! Katia nchi aibu! Picha yake inazunguka kila grupu la WhatsApp. Ila kuna mtu mmoja kwenye hiyo stori hana picha, hana jina, na hajatukanwa hata na mmoja. Yule aliyempa dozi.

Angalia kwa majirani Kenya. Rita Jeptoo, mshindi wa Boston na Chicago, alinaswa na EPO mwaka 2014. Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kubeba dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Rio 2016, mwaka uliofuata naye EPO hiyo hiyo. Halafu Ruth Chepngetich. Oktoba 2024 alikimbia Chicago kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya 2:10. Machi 2025 sampuli yake ikakutwa na dawa ya kupunguza maji mwilini, ile wanayopewa watu wa presha, ambayo inaweza pia kuficha dawa nyingine. Maelezo yake? Eti alimeza dawa ya dada wa kazi. Oktoba 2025 akafungiwa miaka 3.

Majina yote hayo dunia inayajua. Sasa taja muuzaji mmoja tu. Kimya.

Na hapo ndipo penye utata, maana EPO haiuzwi kwa Mangi pembeni ya sabuni na viberiti. Ni dawa ya hospitali, ya wagonjwa kama wale wa figo wenye upungufu wa damu. Inatunzwa kwenye baridi, inachomwa kwa sindano. Binti aliyekulia kijijani akikimbia haamki tu asubuhi akajua hayo yote. Yupo aliyeitoa inakotunzwa, yupo aliyempangia dozi, na yupo anayejua ikae siku ngapi ili isionekane kwenye kipimo. Mkwanja wa ushindi ukiingia, wote hao wana chao. Kipimo kikigonga, mezani anabaki mmoja.

Wamarekani kwenye besiboli walifika mahali wakashtuka. Mwaka 2013 ililipuka ishu ya Biogenesis, kliniki moja ya Florida. Mwenye kliniki, Anthony Bosch, alikuwa akijiachia kama daktari wakati leseni ya udaktari hana. Supastaa Alex Rodriguez akafungiwa msimu mzima wa 2014, mechi 162. Ila Bosch naye hakupona: 2015 alihukumiwa miaka 4 jela. Mchezaji kapoteza msimu, muuzaji kaenda kunyea debe. Hapo mzani umekaa sawa kidogo.

Kanuni za WADA zinasema msambazaji anaweza kufungiwa miaka 4 hadi maisha. Fresh. Lakini mtu mwenye duka lake la dawa uchochoroni, ukimfungia michezo inamuuma nini? Kobe ukimnyima viatu, atalia? Huyo anahitaji polisi na mahakama.

Kuna watakaosema hayo ni ya Kenya na Marekani, Bagamoyo yanahusu nini. Yanahusu sana. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, muda sawa kabisa na Mjerumani aliyekuwa wa pili, saa 2:09:48, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Nchi nzima ilipiga kelele. Ushindi kama ule unawaamsha watoto wengi kukimbia, na palipo na ndoto ya pesa, muuza njia ya mkato hachelewi kupiga hodi.

Na mlango keshaujua. Kuanzia Bunju, Mapinga mpaka Bagamoyo mjini, masela wanapiga tizi ufukweni alfajiri, jioni wananyanyua vyuma vya zege lililomiminwa kwenye makopo. Haya ni mambo ya heri. Shida inaanza anapotokea "mtaalamu" na kidonge kwenye mfuko usio na lebo: "Mwanangu, meza hivi, miezi miwili unakuwa jumba." Hasemi kwamba stiroidi zinaweza kusinyaza korodani, kuharibu mbegu, kuotesha kijana wa kiume matiti na kuuchosha moyo. Mtu anasaka mwili wa kumringia demu, anaishia kukosa uwezo wa kumzalisha.

Mwanariadha hasafishwi. Kanuni iko wazi, kilichomo mwilini mwako ni chako, na aliyeibiwa ushindi na mtu wa dawa ana haki ya kukasirika. Ila kumfungia mmoja na kumwacha mletaji ni kukata tawi huku mzizi unamwagiliwa. Kesho atamchukua kijana mwingine, amchome, amtumie, amtupe.

Kwa hiyo siku nyingine jina la mkimbiaji likitrendi, kabla ya kuandika "mwizi", andika swali moja: nani alimpa?

Mdau, zigo abebe nani hapa, anayemeza au anayemezesha? Shusha maoni yako hapo chini. Jina la mtu usiye na ushahidi naye, liache.