Gari Livunjike, Mtu Abaki

Upo msemo ambao Watanzania tumeuzoea mno hata tumeacha kuupima: kwamba ajali haina kinga. Husemwa msibani, husemwa kwenye wodi za majeruhi, na husemwa pia na dereva aliyekwisha kuwaangamiza abiria wake. Msemo huu una faraja ndani yake, kwani humpunguzia mfiwa uchungu wa kutafuta wa kumlaumu. Lakini faraja ni jambo moja na ukweli ni jambo jingine. Ajali nyingi zina kinga. Na pale ambapo ajali yenyewe haikuzuilika, mara nyingi mauti yake yangezuilika. Hilo ndilo tunalokusudia kulieleza leo kutoka hapa Bangwe, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu huku kwetu hatari hii ni ngeni kuliko ilivyo kwingine.

Kwa muda mrefu Mkoa wa Kigoma ulifikiwa kwa reli na kwa meli. Reli ya Kati ilifika mwisho wake Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo msafiri wa kwenda Tabora au Dar es Salaam aliitegemea garimoshi. Barabara zilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Zilikuwa na adha nyingi, ila zilimlazimisha dereva kwenda polepole. Leo lami imefika. Daraja la Kikwete limeuvuka mto Malagarasi, na njia ya kupitia Kasulu na Kibondo kuelekea Nyakanazi imewekwa lami kipande baada ya kipande. Maendeleo haya tuliyalilia miaka mingi na tunayashukuru. Hata hivyo, lami haikuja peke yake. Imekuja na mwendo. Na kanuni ya mwendo haina huruma: gari likiongeza kasi mara mbili, nguvu ya mgongano wake huongezeka mara nne, na umbali linaohitaji ili lisimame huongezeka vivyo hivyo. Dereva aliyezoea mashimo hayajui hayo mpaka siku anapokanyaga breki.

Hapo ndipo linapozuka suala la magari ya zamani. Wapo miongoni mwetu watu wanaoyapenda magari haya kwa dhati. Hawayatumii kwa biashara wala kwa kujionyesha. Mtu huokota bodi lililotupwa nyuma ya gereji, akalikwangua kutu, akaagiza spea kutoka Dar es Salaam zikaja kwa treni, akakaa na fundi wake Jumapili baada ya Jumapili hadi injini ikakubali. Wasiojua humcheka. Lakini mapenzi haya yana asili yake katika historia ya nchi yetu. Peugeot 404, gari lililoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, na likashinda tena mwaka 1966 na 1967 likiendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa nchi hii, akiwa na mwenzake Chris Rothwell. Mwaka 1968 gari la aina hiyohiyo likashinda kwa mara nyingine, katika mvua na matope yaliyoacha magari saba tu yakifika mwisho. Baba zetu waliyasikia hayo redioni. Si ajabu kwamba watoto wao bado wanaligeukia gari hilo likipita.

Mwandishi wa safu hii alikuwa nalo moja. Jioni moja, akitoka Kasulu kwa mwendo wa wastani, alikuta lori limeharibika katikati ya njia yake. Halikuwa na taa iliyowaka, halikuwa na pembetatu ya tahadhari, wala mtu wa kumpungia mkono. Alama pekee ilikuwa matawi mawili ya miti, yamewekwa hatua chache tu nyuma ya lori lenyewe. Upande wa pili basi lilikuwa linakuja. Ilibaki kuchepuka. Gari liliingia mtaroni, likapinduka mara mbili na kutulia magurudumu yakiwa juu. Paa lilibonyea, chesisi ikapinda, injini iling'oka mahali pake. Dereva alitolewa na wanakijiji akiwa na mfupa wa bega uliovunjika, na mchirizi mweusi uliokatiza kifua kutoka begani hadi kiunoni. Mchirizi huo ni alama ya mkanda, ambao haukuwamo katika gari lile lilipotoka kiwandani; fundi wa hapahapa mjini ndiye aliyetoboa chuma na kuufunga. Bima iliyokuwapo ilikuwa ile ya mtu wa tatu, ambayo hulipa madhara uliyowafanyia wengine na haifidii gari lako mwenyewe. Basi kazi ya miaka kumi na mmoja iliishia kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Majirani walifika kutoa pole, na kila mmoja alisema neno lile lile: bora uzima, gari utapata jingine. Wamesema kweli. Lakini tusiwabeze wanaosikitikia vyombo vyao. Mvuvi wa Bangwe ambaye mtumbwi wake umepasuliwa na mawimbi hulia, ingawa yeye mwenyewe ameogelea akafika pwani. Kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako hubeba siku zako ndani yake. Hoja yetu ni kwamba anayekipenda chombo kwa kiasi hicho anawajibika kukipenda kwa utaratibu: aanze na breki, tairi, taa na mikanda, na rangi iwe ya mwisho.

Habari ya mkanda huo inastahili kujulikana. Mwenye kuubuni katika sura tunayoijua leo, unaokatiza kifua na kiuno, ni Nils Bohlin, mhandisi wa Sweden, aliyetoka katika kazi ya viti vya marubani vinavyoruka nje ya ndege. Kampuni ya Volvo ilianza kuuweka katika magari yake mwaka 1959, kisha ikaacha haki ya uvumbuzi huo wazi ili kampuni nyingine zote ziutumie. Aina ya Volvo PV544 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kabisa kuwekewa mkanda huo, na ni Volvo ya aina hiyo ambayo ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, waliishindia Safari Rally ya mwaka 1965. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa dereva na abiria wa mbele kwa takribani nusu. Shirika hilohilo, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani duniani kila mwaka, na kwamba Afrika, yenye magari machache, ndiyo inayopoteza watu wengi zaidi kwa kulinganisha na idadi yake. Hatufi kwa wingi wa magari yetu. Tunakufa kwa upungufu wa kinga.

Wakazi wa Kigoma wana shahidi wa karibu wa jambo hili, naye ni meli ya Liemba. Meli hiyo ilizinduliwa hapa mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, isije ikatwaliwa na adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina inalojulikana nalo hadi leo. Watu husema chombo cha kuzama hakina usukani. Mafundi wale walijua kuwa chombo kitazama, na bado hawakuacha kukikinga. Chuma kikikingwa huweza kulala majini miaka minane kisha kikafufuliwa. Mwanadamu hafufuliwi na fundi yeyote; ndiyo maana kinga yake haina budi kutangulia.

Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kufundishwa neno hili. Wa Unguja na Pemba wanaukumbuka usiku wa Septemba 2011, Spice Islander ilipozama na kuchukua mamia ya watu. Wa Ukerewe na Ukara wanaikumbuka tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipopinduka karibu kabisa na gati na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Baada ya misiba hiyo, msafiri wa majini ameanza kuuliza jaketi la kuokolea lilipo kabla chombo hakijang'oa nanga. Lakini mtu huyohuyo akishuka gatini na kuingia kwenye gari dogo, hukaa kiti cha nyuma na kuukalia mkanda kana kwamba ni pambo. Mkanda ni jaketi la nchi kavu. Anayeliuliza moja na kulidharau jingine hajayaelewa yote mawili.

Kinga nyingine ni binadamu wenzetu. Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai. Miongoni mwa waliosimama kuwasaidia walikuwamo wageni wa Marekani wenye ujuzi wa tiba, na watoto hao wakasafirishwa hadi Sioux City, Iowa, wakatibiwa, wakarejea nyumbani mwezi Agosti mwaka huohuo. Kwa upande mwingine, tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Mahali pa ajali pana njia mbili, na kila kijiji kilichopitiwa na barabara kuu hakina budi kuchagua mapema itakayofuatwa na watu wake.

Wapo watakaosema dawa ni fupi: magari kuukuu yaondolewe barabarani yote. Hatukubaliani nao. Umri si kosa. Gari la mwaka 1968 lililokaguliwa, likafungwa mikanda na kuvishwa tairi nzima, ni salama kuliko gari la juzi lenye tairi vipara na dereva mwenye haraka. Lori lililotelekezwa bila alama linaweza kuwa jipya kabisa. Kinachotakiwa kupimwa ni hali ya chombo na mwenendo wa mwenye chombo.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu wa mkoa, Jeshi la Polisi Kikosi cha Usalama Barabarani na Wakala wa Barabara wayatazame mambo manne. Kwanza, lori linaloharibika lisiachwe njiani usiku bila viakisi mwanga vilivyowekwa mbali vya kutosha. Matawi ya miti si alama, na mwenye kuyatumia na kuyaacha barabarani achukuliwe hatua. Pili, ukaguzi wa magari unaofanyika katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani usiishie kwenye kubandika stika. Gari liinuliwe, breki zijaribiwe, na magari ya zamani yapewe siku yao pamoja na mafundi wenye uzoefu nayo. Tatu, mkanda wa kiti cha nyuma uhimizwe kwa nguvu ileile inayotumika kwa dereva, kwani mwili wa abiria wa nyuma usiofungwa humwangukia aliye mbele kama gunia la mawe. Nne, vijana wa vijiji vya kando ya barabara hii mpya wafundishwe huduma ya kwanza: namna ya kuzuia damu, namna ya kumtoa majeruhi bila kuipindisha shingo yake, na namna ya kuwaweka watu mbali na mafuta yaliyomwagika. Mafunzo hayo hayagharimu hata sehemu ndogo ya bei ya kilomita moja ya lami.

Nao wenye magari, hasa wale wanaoyapenda, tunawakumbusha mfano wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeishi Kenya na kushinda Safari Rally mara tano. Mwaka 1987 alipata ajali mbaya katika mashindano ya jangwani nchini Misri. Alinusurika, akaacha kushindana, na baadaye akaiongoza kamisheni ya rali ya shirikisho la kimataifa la michezo ya magari. Hakuyachukia magari, aliyatumikia kwa njia nyingine. Hilo ni deni la kila anayetoka mzima katika chuma kilichopondeka: kuwaambia wengine ni kitu gani kilichomtoa.

Lami itazidi kurefuka, na magari yatazidi kuja, mapya kwa makuukuu. Hatutaki kurudi kwenye vumbi ili tuwe salama. Tunachotaka ni kwamba siku gari litakapopinduka kati ya Kidahwe na Nyakanazi, kitakachohesabiwa kiwe hasara ya mali, na mwenye mali awe mzima wa kuihesabu.