Tuache Kusema Kwamba Watanzania Hawapendi Kusoma



Wapendwa wasomaji wa tafakari hii ya kila juma, mwezi uliopita nilisimama kwa fundi wa pancha hapa Ipogolo, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma. Kijana huyo ni mwanaparokia wetu, aliyemaliza kidato cha nne miaka michache iliyopita. Alipokuwa akilitoa tairi, alikiona kitabu kilicholala kwenye kiti cha mbele cha gari. Akafuta mikono kwa tambara, akakitazama jalada lake, kisha akaniuliza: “Padre, mimi tangu nimalize shule sijasoma kitabu hata kimoja. Nikitaka kuanza tena, nisome nini?”

Ndugu zangu, mimi niliyefundishwa falsafa na teolojia seminarini kwa miaka mingi, nilikosa jibu. Nikajiumauma, hatimaye nikamwambia, “Soma Biblia, mwanangu.” Naye akanijibu kwa adabu, “Hiyo ninayo, Padre, na ninaisoma. Nauliza kitabu kingine.” Tena yafaa niungame yote: kile kitabu alichokiona kilikuwa kimekaa kwenye kiti tangu Kwaresima, nami nilikuwa sijavuka ukurasa wa 30. Tairi lilizibwa kwa dakika chache. Aibu yangu haikuzibika upesi namna hiyo.

Tangu siku ile nimekuwa nikiutafakari usemi unaorudiwa katika semina, katika vikao vya walimu, na hata katika mahubiri yetu sisi mapadre: kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kwenye maandishi. Watu huucheka na kuupigia makofi. Mimi nasema usemi huu ni uongo, na zaidi ya kuwa uongo ni dhambi ya kusingizia, kwa maana unamtupia mtu wa kawaida lawama inayowastahili walezi wake.

Tuitazame historia ya nchi yetu kwa haki. Mwaka 1967 takribani watu wazima 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Akina mama walitoka shambani jioni wakaenda darasani na watoto mgongoni. Wazee wenye mvi walishika kalamu kwa mikono iliyozoea jembe. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana. Kufikia mwaka 1986 idadi ya wasiojua kusoma ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 10. Je, hao ndio watu wasiopenda maandishi?

Tena wasomaji hao hawakuachwa mikono mitupu hapo mwanzo. Huduma za maktaba ziliwekewa sheria mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwalimu mwenyewe, akiwa na mzigo wa nchi nzima mabegani, alitafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mashirika ya Wamisionari nayo, hasa Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, yalichapa vitabu vilivyofika mpaka vigango vya mbali.

Na vijana walisoma. Waulizeni baba zenu kuhusu Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba, au Joram Kiango wa Ben Mtobwa, au Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale ulitoka mwaka 1960. Vitabu hivyo vilipita mkono hadi mkono mpaka majalada yakachanika. Nani alimlazimisha mtu kuvisoma? Hakuna. Kiu ilikuwapo, na maji yalikuwapo.

Basi nini kilitokea? Ni kweli kwamba miaka ya 1980 uchumi uliyumba, karatasi zikaadimika, na mashirika ya umma ya uchapaji yakadhoofika. Lakini umaskini pekee hautoshi kueleza jambo hili. Mimi nawashitaki walezi, nami mwenyewe nikiwa wa kwanza kizimbani.

Shitaka la kwanza linatuhusu sisi tunaofundisha. Tumekigeuza kitabu kuwa chombo cha mtihani. Kijana hupewa Vuta N’kuvute ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1999 iliyo tamu kiasi kwamba mwaka 2021 ikawa filamu, lakini haambiwi aifurahie. Huambiwa ataje dhamira tano na mbinu tatu za kisanaa. Asipokuwa na nakala, hupewa notisi za kurasa nne zenye muhtasari, akazikariri, akafaulu. Kijana huyo amefaulu somo la fasihi pasipo kusoma kitabu. Siku ya mtihani wa mwisho anazichoma notisi zake, na pamoja nazo anachoma hamu aliyozaliwa nayo. Kisha sisi tunamwita mvivu!

Shitaka la pili linatuhusu sisi tulio wakali wa maadili. Tumekuwa hodari wa kutaja vitabu vibaya, na wazito mno wa kutaja vilivyo vizuri. Kanisa lenyewe lilipata kuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa, iliyodumu kwa zaidi ya miaka 400 hadi nguvu yake ya kisheria ilipoondolewa mwaka 1966. Orodha iliondoka, lakini tabia ikabaki. Hayati Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyesoma Seminari ya Nyegezi, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, mwaka 1971. Jina lenyewe limetoka katika Litania ya Bikira Maria. Kwa muda riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni. Kumbe kitabu kinasimulia habari za msichana aliyelelewa kwa fimbo na woga mpaka, alipokuwa mbali na macho ya baba yake, hakuwa na chochote cha kumlinda. Nimewasikiliza wazazi wengi ofisini wakilia kwa sababu ya mabinti zao. Wengi wao wangelitambua kosa lao mapema zaidi wangalisoma riwaya ile, kuliko kwa mahubiri yangu.

Shitaka la tatu ni kwa wale wanaojiita leo wahamasishaji wa usomaji. Ukiwauliza usome nini, wanakupa orodha ileile iliyonakiliwa kutoka Marekani: jinsi ya kuwa tajiri, jinsi ya kufikiri kama milionea, siri za watu waliofanikiwa. Sisemi kwamba kitabu cha biashara ni haramu. Nasema kwamba anayemtajia kila mtu orodha moja hajamtazama mtu yeyote. Daktari anayeandika dawa ileile kwa wagonjwa wote mtamkimbia. Kwa nini basi tumpokee mtu asiyetujua anayetuandikia kitabu? Tena humo mara nyingi msomaji anafundishwa kujitazama mwenyewe tu, wakati fadhila kubwa ya hadithi njema ni kukutoa ndani ya nafsi yako na kukuingiza katika nyumba ya jirani.

Yuko atakayeniambia, “Baba Paroko, Mkristo anatoshwa na Neno la Mungu.” Namjibu kwa Neno lenyewe. Mtume Paulo aliposimama mbele ya watu wa Athene aliwataja washairi wao, maana alikuwa amewasoma. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, tunakutana na Mwafrika, ofisa wa Ethiopia, akisoma garini akiwa safarini. Filipo hakumcheka wala kumkemea. Alimkaribia, akamuuliza kama anayaelewa anayoyasoma, naye akakiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Angalieni vema: msomaji alikuwapo tayari. Aliyekuwa akikosekana ni mwenzake wa kukaa naye garini. Hali kadhalika kwa fundi wangu wa pancha.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliliona jambo hili. Katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 juu ya nafasi ya fasihi katika malezi, alieleza kwamba kwanza alifikiria malezi ya mapadre, kisha akaona suala hilo linawahusu Wakristo wote. Humo anakumbuka miaka ya 1964 na 1965, alipokuwa akifundisha fasihi huko Santa Fe, Argentina. Wanafunzi hawakukitaka kitabu cha kale kilichopangwa. Walitaka waandishi wa siku zao. Akaamua kile cha kale wakisome nyumbani, na darasani wakasoma walivyovipenda. Baadaye vyenyewe vikawafungulia njia ya kuvifikia vingine. Huo ndio ualimu.

Yuko pia atakayesema kwamba vitabu ni ghali na muda hakuna. Hoja hii naiheshimu, maana mama anayeamka alfajiri kupeleka nyanya sokoni hana nafasi ya kukaa kitini saa mbili. Lakini nakala moja yaweza kusomwa na watu ishirini ikiwa tutaacha kuifungia kabatini. Mkoa wetu una maktaba huko juu mjini. Ni wangapi kati yetu wamepanda mlima huu kwa ajili yake? Na asiye na nafasi ya kusoma anaweza kusomewa. Jioni za baridi hapa kwetu, mtoto wa darasa la sita akisoma kwa sauti karibu na jiko, nyumba nzima imesoma.

Sasa nami nilipe deni langu. Kwa anayerudi kusoma baada ya miaka mingi, nashauri aanze na kitabu chembamba, au chenye mkasa wa kumkosesha usingizi. Asione haya kuanza na Musiba. Ngazi hupandwa kuanzia chini. Asome kurasa kumi kila usiku, simu ikiwa chumba kingine. Kitabu kikimshinda baada ya kurasa hamsini, akiache bila kuungama, achukue kingine.

Kwa anayependa hekima katika lugha safi, namtajia Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951: Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na kitabu hakijazeeka. Kwa anayetaka kumsoma mwenzetu wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah, riwaya yake Paradise ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022.

Na kwa wanandoa, hasa wale ambao hawajajaliwa mtoto na wanateswa kwa maneno ya ndugu, namtaja Aniceti Kitereza, katekista wa Ukerewe aliyesoma Seminari ya Rubya. Kitabu chake kinaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao kwa sababu ametukanwa kuwa ni tasa. Na mume, badala ya kutafuta mwanamke mwingine kama alivyoshauriwa, anafunga safari kwenda kumrudisha mkewe. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981 kabla ya kukishika kitabu chake mkononi. Mzee huyo alingoja zaidi ya miaka thelathini ili sisi tupate kusoma. Nasi tunasema hatuna muda!

Nimekisoma kitabu hicho nikiwa nimechelewa. Miaka kadhaa iliyopita alikuja ofisini kwangu mume mmoja aliyekuwa akishinikizwa na ukoo wake amwache mkewe kwa sababu hiyohiyo. Nilimpa vifungu vya sheria za Kanisa, vyote sahihi. Hakurudi tena, na ndoa ile ilivunjika. Sidai kwamba riwaya ingaliiokoa. Ila najua kwamba alihitaji kumwona mwanamume mwenzake, Mwafrika mwenzake, aliyepita njia ileile na kuchagua vingine, nami sikuwa na wa kumwonyesha kwa kuwa sikuwa nimesoma. Tangu hapo siwezi kukubali kwamba kusoma ni anasa ya wenye nafasi.

Kwa hiyo, kuanzia Dominika ijayo, kutakuwa na rafu ya vitabu katika ukumbi wa parokia, isiyo na kufuli. Vyangu vimetangulia. Ndani ya kila kitabu kuna karatasi: anayekirudisha ataandika jina lake, jambo moja lililomgusa, na aina ya mtu ambaye angependa akisome baada yake. Viongozi wa Jumuiya, msiniletee takwimu za wasiosoma. Nileteeni jina la mtu mmoja na kitabu mlichompa.

Na fundi wetu? Nilimpelekea nakala yangu ya zamani ya Kuli, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1979 juu ya wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Nilifikiri mtu anayeishi kwa nguvu za mikono yake ataelewana nao. Juzi nilipopita alinisimamisha barabarani, nikadhani ameona tairi lina kasoro. “Kamwene, Padre,” akasema, “nimefika katikati, lakini kuna mahali nagombana na mwandishi. Ukipata nafasi, tukae.”

Nitakaa naye. Nanyi tafuteni wa kukaa naye.

Nawatakieni juma jema lenye baraka.

Paroko wenu, Ipogolo